Re: Karatasi ya mitambo ya upepo, ardhi ya ukoo Micheweni: tutie saini au tungoje?

Leicester:

Assalaam aleykum jamaa. Ukoo wetu una ardhi upande wa mashariki wa Wilaya ya Micheweni, Pemba, nusu maweni nusu shamba, na ndani yake mna eka tatu za marehemu babu, zile zilizogawiwa na Serikali baada ya Mapinduzi. Kampuni moja inataka kujenga mitambo ya upepo na imeacha karatasi ya kurasa nne. Wataishikilia ardhi miaka mitano, wakijenga watakodi miaka 30, na kila mtambo utalipiwa fedha maalumu kwa mwaka. Nyumbani wanataka sisi tulio nje tutume saini kabla ya Ramadhani. Wenye ujuzi, tuangalie nini?

Glasgow:

Waaleykum salaam. Karatasi hiyo wameiita ya awali, lakini ndiyo mkataba wenyewe. Ukitia saini ya kushikilia, kodi ya miaka 30 imeshafungwa humo humo. Siku watakayorudi na makreni hamna tena cha kuzungumza. Bei inazungumzwa sasa, na huo uharaka wa Ramadhani ni wao, si wenu.

Anzeni na hesabu. Chukua mtambo wa megawati 2. Mwaka una saa 8,760, na hakuna mtambo unaotoa nguvu zake zote kila saa, basi kwa mfano weka asilimia 30. Utapata uniti 5,256,000 kwa mwaka. Uniti ikiuzwa senti 8 za dola (bei ya mfano tu), mauzo ni dola 420,480, na asilimia 4 ya mauzo hayo ni dola 16,819. Sasa weka pembeni ile fedha maalumu waliyoandika, halafu uone iko wapi.

Daini asilimia ya mauzo, msikubali asilimia ya faida. Faida inatengenezwa na wahasibu: riba ya mikopo, uchakavu, ada za kampuni mama. Mapanga ya mtambo yanaweza kuzunguka miaka kumi na vitabu vikaonesha hasara. Mauzo yanasomwa kwenye mita pale umeme unapoingia gridi, na nakala ya usomaji huo iandikwe kuwa ni haki yenu kila mwezi.

Pamoja na asilimia, wekeni kima cha chini. Kusi likivuma mambo mazuri, kaskazi nayo inasaidia, lakini maleleji, ule utulivu wa upepo baina ya misimu hiyo, yakiingia mtambo unaweza kusimama siku kadhaa na asilimia ya sifuri ni sifuri. Kifungu kiseme mwenye ardhi atalipwa kilicho kikubwa baina ya viwili hivyo, na kima cha chini kiwe kinapanda kila mwaka kwa mfumuko wa bei. Sarafu itajwe. Kima cha shilingi kisichopanda kwa miaka 30, mtoto wa leo akiwa mtu mzima atakuwa anapokea nauli ya daladala.

Na miaka hiyo mitano ya kushikilia ilipiwe pia. Ardhi iliyoshikiliwa huiuzi, huikodishi kwa mwingine, na mara nyingi hujengi kitu kirefu.

Esbjerg:

Naongeza ya upande wa kazi yenyewe. Mtambo wa ukubwa huo unahitaji msingi wa duara wenye kipenyo cha mita 15 hadi 20 na zege la mita za ujazo 300 hadi 500. Pembeni pana uwanja wa kreni, tuseme mita 25 kwa 40, na barabara ya upana wa mita 5 hivi, ambayo kwenye kona huwa pana zaidi kwa sababu panga moja linaweza kupita mita 50. Eka tatu ni kama mita za mraba 12,140. Barabara ikipita mita 200 ndani yake, msingi, uwanja na barabara vinachukua karibu sehemu moja ya tano. Palipobaki mnaweza kulima muhogo na kulisha ng'ombe, ila someni kifungu cha vizuizi vya upepo. Kikiwa kinakataza miti mirefu, minazi ya upande wa upepo ndiyo itakayokatwa. Minazi na miembe ihesabiwe kabla tingatinga halijaingia, mti kwa mti, kwa picha, na orodha isainiwe na sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa.

Ardhi yetu ya mashariki ni mawe ya matumbawe yenye mapango chini. Kampuni makini itachimba mashimo ya uchunguzi kila penye msingi. Yasipochimbwa ujenzi unasimama katikati, na kazi mlizoahidiwa zinasimama nao. Dai jingine ni kwamba maji ya visima vya jirani yapimwe chumvi kabla ya kuchimba na baada yake, kwa gharama ya kampuni. Maji matamu ya huko yamekaa tabaka jembamba juu ya maji ya bahari, na kisima kikishaingia chumvi, bila vipimo vya mwanzo huna la kudai.

Kazi: wakati wa ujenzi watu ni wengi, mwaka mmoja hadi miwili. Baada ya hapo mafundi wachache tu huangalia mitambo mingi. Kama wanaahidi ajira mia za kudumu kwa mitambo kumi, wanawadanganya. Ombeni wagharimie mafunzo ya vijana wachache kabla ya ujenzi kuanza, maana wasipokuwepo wenye vyeti siku ya kwanza, mafundi wataletwa kutoka nje na watabaki hao hao.

Kuna suala la gridi pia. Pemba inapata umeme kwa waya wa baharini wa kilovolti 33 kutoka Tanga, ulioanza kazi 2010. Mahitaji ya kisiwa ni madogo, hivyo usiku wa kusi kali mitambo inaweza kuamriwa izimwe upepo upo. Mkataba kati ya kampuni na mnunuzi wa umeme huwa unailipa kampuni kwa umeme uliozuiwa. Hakikisheni asilimia yenu inahesabiwa na kwenye malipo hayo.

København:

Tazameni na visiwa vingine. Samsø hapa Denmark, watu wasiofika 4,000, wana mitambo 11 ya nchi kavu ya megawati moja moja tangu 2000. Tisa ni ya wakulima, miwili ya ushirika. Walikopa benki wakanunua, kwa hiyo kinachobaki baada ya marejesho ni chao. Kwa Micheweni leo hilo ni gumu, mtaji ni mkubwa mno. Lakini hata hisa chache za shehia zinawezekana: Kipeto huko Kajiado, Kenya, megawati 100, jamii ina asilimia 5 kupitia mfuko wake.

Kenya ina somo la pili. Mradi wa Ziwa Turkana, mitambo 365, ulichukua eka 150,000 Marsabit, na Oktoba 2021 mahakama ya Meru ikasema hati za ardhi hiyo hazikupatikana kihalali. Wakati huo mitambo ilikuwa imeshaanza kuzunguka. Wakaazi wa Kinangop, pia Kenya, waliukataa mradi wao wa upepo mapema, nao ukafutwa 2016.

Chake Chake:

Mimi naona mnaongelea asilimia kabla ya kujua nani mwenye haki. Kwa Sheria ya Ardhi ya 1992, ardhi yote ya Zanzibar ni mali ya umma, mtu ana haki ya matumizi tu. Miti inaweza kuwa ya mtu mwingine kuliko mwenye ardhi. Ukodishaji unapitia Bodi ya Uhaulishaji Ardhi. Kwa hiyo saini ya barua pepe ya mjukuu mmoja haitoshi chochote, ila inatosha kuleta ugomvi.

Babu amefariki. Je, mirathi imegawiwa? Kama haijagawiwa, nendeni kwanza Kamisheni ya Wakf na Mali ya Amana au kwa kadhi, warithi wote waandikwe na mafungu yao, wanawake pia, wasije wakasahauliwa kwa sababu wameolewa Unguja. Kisha mpaka upimwe. Hati ya eka tatu ina masharti yake, isomwe na wakili.

Halafu jirani. Mitambo hupangwa mbali mbali, mita 500 hadi 700 kwa mapanga ya duara la kipenyo cha mita 100, kwa hiyo ardhi nyingi ndani ya eneo haitapata mtambo ila itapata kelele na kivuli. Mkijadiliana ukoo mmoja mmoja, kampuni itamlipa mmoja na kumchonganisha na kumi.

Glasgow:

Kweli kabisa. Ujerumani wenye ardhi hukusanya mashamba yote ya eneo kwenye chungu kimoja: sehemu ya kodi kwa mwenye mtambo, nyingine kwa wote kwa ukubwa wa ardhi. Fanyeni hivyo. Mbali na kodi, daini mfuko wa shehia. Scotland kiwango kilichopendekezwa na mwongozo wa serikali wa 2019 ni pauni 5,000 kwa megawati kwa mwaka, kikipanda na bei. Si sheria, lakini ni nguzo nzuri ya kuegemea. Kamati ya mfuko isiwe ya sheha na kampuni tu. Wawemo wakulima wa mwani, na hesabu zibandikwe skuli.

Leicester:

Ahsanteni. Tulio nje tufanye nini hasa? Na kodi ya mapato ya huku Uingereza?

Glasgow:

Uwakala uandikwe kwa mtu mmoja, utaje kiwanja chenyewe, uruhusu mazungumzo na usiruhusu saini, na uishe baada ya miezi sita. Thibitisha kwa notari halafu ubalozi wetu. Waliochukua uraia mwingine wasiingize majina yao kabla ya kumuona wakili Zanzibar, kwa sababu sheria ile ya 1992 inampa haki ya ardhi Mzanzibari.

Mkaazi wa Uingereza kwa kawaida anatozwa kodi kwa kipato cha popote, na ule utaratibu wa kutolipa mpaka fedha iingie nchini ulifutwa Aprili 2025. Fungu lako likiingia akaunti ya Chake, bado unalitangaza.

Someni pia ukurasa wa kubomoa mitambo mkataba ukiisha. Kuwe na dhamana ya benki kuanzia mapema, kwa sababu kampuni itauzwa mara mbili tatu kabla ya mwaka wa 30, na mnunuzi wa mwisho akifilisika ule mnara na zege vinabaki kwenu. Kama kifungu hicho hakimo katika kurasa nne, waandikieni leo kwamba mnasubiri rasimu mpya.