Tupeane uzoefu: wenye tumbo la IBS hapa Mombasa, mnaishije?

Mama wa Likoni
Asalaam aleikum wenzangu. Nimepimwa choo, damu, hadi kamera ya utumbo. Majibu yote safi. Daktari akanieleza kuwa IBS ndivyo ilivyo: hakuna kidonda, ila utumbo unakwenda kwa fujo na kuhisi maumivu kupita kiasi. Madaktari huitambua kwa maumivu ya walau siku 1 kwa wiki kwa miezi 3, yanayoambatana na kwenda haja au choo kubadilika.

Maumivu nayavumilia. Feri ndiyo inayonitesa. Asubuhi tumebanana, tumbo lianze kusokota, mbele hakupitiki na nyuma hakurudiki. Sasa natoka nyumbani bila hata chai. Harusi nazikwepa, watu washaanza kusema naringa. Semeni ya kwenu, msione haya.

Dereva wa Mtwapa
Pole sana dada. Mie naendesha matatu, Mtwapa hadi mjini, na vituo vya mafuta vyenye choo safi navijua vyote. Kilichoniokoa ni kumwambia kondakta wangu ukweli. Nikiegesha ghafla, yeye ndiye anayewatuliza abiria. Pia nimeacha mahamri na mbaazi asubuhi ya kazi. Mbaazi na kitunguu hunijaza gesi vibaya. Wali na samaki hunikalia vizuri. Mbaazi za nazi nazila siku nisiyotoka.

Muuguzi, Tudor
Jamani, ukiona damu chooni, unakonda bila sababu, au tumbo linakuamsha usingizini, usiseme ni IBS tu. Rudi hospitali.

Mwalimu wa Kisauni
Kwangu ni kinyume: choo hufunga, tumbo hufura mpaka naulizwa mimba ya miezi mingapi. Kwa mtu anayetafuta mtoto, swali hilo linachoma kuliko ugonjwa. Wazee walisema ni hasadi. Dua nasoma mpaka leo, lakini nafuu niliipata kwa isabgol (maganda ya mbegu yenye nyuzinyuzi, ya kulainisha choo), nikianza kidogo kidogo na maji mengi, na kwa kutembea jioni. Wiki ya mitihani hali huzidi, maana ubongo na utumbo huwasiliana. Wasiwasi wa kichwani hushuka tumboni. Kuna mwenye kufunga choo kama mimi aliyemaliza Ramadhani salama? Niambie ulikuwa unafuturu nini.