Wakuu, jipu haliivi na sina muda wa kulisubiri. Nifanyeje?

Mti Mkavu (mleta mada)
Wakuu, habari za muda huu. Naomba ushauri, tena wa haraka. Nina jipu. Lilianza kama kipele nikalipuuza, sasa limekuwa gumu na linapwita usiku kucha. Nikikaa naumia, nikilala naumia. Usaha nauhisi upo ndani ila mdomo haujafunguka. Swali langu ni moja tu: nitaliivishaje upesi nikiwa nyumbani, liwe limekwisha kabla ya Ijumaa? Habari za hospitali sitaki, hizo nimeshazifikiria. Asanteni.

Mpita Njia
Nimevuta kiti, nasubiri wataalamu.

Fundi Saa
Paka dawa ya meno usiku, asubuhi utalikuta limenywea. Mimi chunusi zangu zote nazimaliza hivyo.

Shangazi Mkali
Fundi, chunusi na jipu wapi na wapi? Hiyo itamchoma ngozi bure. Mwanangu, chukua kitambaa safi, chovya kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, kamua maji, weka juu ya jipu kwa dakika 10, kikipoa unachovya tena. Mara 3 au 4 kwa siku. Joto huvuta damu pale na jipu hulainika, mara nyingi hupasuka lenyewe. Likipasuka acha litoke, osha kwa maji na sabuni, funika kwa shashi safi, nawa mikono. Kitambaa kifuliwe kwa maji ya moto kabla ya kukirudia, na taulo yako asiitumie mwingine. Usilibinye. Haya, liko wapi?

Kobe Mwendapole
Hahaha! Mtu kasema akikaa anaumia, shangazi anauliza liko wapi. Mstiri kijana wa watu. Mimi utotoni lilinitoka hapohapo. Mjomba akaja na chupa ya kioo, akatia maji ya moto, akayamwaga, akabandika mdomo wa chupa juu ya jipu, ati ikipoa itafyonza usaha. Ikafyonza kweli, na ngozi pia. Duara la kuungua ninalo mpaka leo, na jipu likaendelea na shughuli zake pembeni ya duara. Mjomba alikufa akisisitiza kwamba chupa ndiyo iliyokuwa mbovu.

Mti Mkavu
Asante shangazi, kukanda nitajaribu, ingawa mara nne kwa siku mtu mwenye pilikapilika ataweza? Liko mwilini tu, nadhani mahali si hoja. Jipu ni jipu. Je, sindano iliyopitishwa kwenye moto inafaa?

Nesi Zamu ya Usiku
Mahali ndiyo hoja yenyewe. Nakuuliza mambo manne, jibu bila kuzunguka. Liko wapi? Una homa? Una kisukari, au unatumia dawa zinazoshusha kinga ya mwili? Umeshalikamua?
Sindano weka chini. Moto utasafisha sindano, hautasafisha ngozi yako wala vidole vyako, na jipu bichi ukilitoboa usaha unaweza kuingia ndani zaidi badala ya kutoka. Hospitali nao hupasua, ila kwa ganzi na vifaa safi, na anayepasua anajua pa kupita.

Mlinzi wa Mila
Vijana mnaishi ovyo, usafi hamna, kisha mnakuja kulia mtandaoni. Majipu hayamtoki mtu hivihivi. Jitafakari.

Shangazi Mkali
Ayubu naye aliishi ovyo?

Nesi Zamu ya Usiku
Bakteria wanaosababisha majipu mengi wanaitwa Stafilokokasi aureasi, na takribani mtu mmoja kati ya watatu anao puani bila kuumwa chochote. Pengine hata wewe, Mlinzi, pamoja na usafi wako wote. Wakipata mkwaruzo au shina la unyweleo lililojeruhiwa, kwa mfano baada ya kunyoa, wanaingia. Mleta mada, nasubiri majibu.

Mti Mkavu
Haya basi. Liko usoni. Pembeni ya pua, juu kidogo ya mdomo. Sikusema kwa sababu nilijua mtapiga kelele, na kelele haziponyi jipu. Ijumaa nina usaili wa kazi ambayo nimeihangaikia muda mrefu, siwezi kukaa mbele ya watu na uso umepinda. Nimeshalibinya, ila kidogo, likatoa damu na majimaji. Na kuna vidonge vya antibayotiki alivyobakiza mwenzangu alipougua kifua, nimeanza kumeza. Kwa hiyo si kwamba nimekaa tu. Ninachotaka kujua ni kama nikilitoboa leo usiku, kidonda kitakuwa kimefunga ifikapo Ijumaa.

Nesi Zamu ya Usiku
Usilitoboe leo, kesho wala Alhamisi. Mishipa ya damu ya eneo hilo, kati ya pua na pembe za mdomo, imeungana na mishipa iliyo nyuma ya macho, jirani na ubongo. Ukilibinya, vijidudu vinaweza kupanda huko na damu ikaganda. Hutokea mara chache sana, lakini likimtokea mtu linaweza kumpofusha au kumuua. Ndiyo maana jipu la hapo hatulichezei, hata likiwa dogo.
Na hivyo vidonge havikuandikiwa wewe. Huenda haviwagusi kabisa bakteria ulio nao. Hata dawa sahihi hupenya kwa shida ndani ya mfuko wa usaha, ndiyo maana jipu lililokomaa hutibiwa kwanza kwa kuutoa usaha.

Kamusi Inayotembea
Kuhusu vidonge vya mabaki, kuna polisi mmoja wa Uingereza, Albert Alexander, aliyekuwa na maambukizi makali usoni, hadi jicho moja likaondolewa. Februari 1941, huko Oxford, akawa miongoni mwa watu wa mwanzo kabisa kutibiwa kwa penisilini. Akaanza kupata nafuu ya ajabu. Dawa ilikuwa chache mno, wakawa wanaichuja kutoka kwenye mkojo wake ili wampe tena. Ikaisha kabla hajapona. Machi akafariki. Mabaki yako yatatosha siku ngapi?

Kobe Mwendapole
Mwenzio kauliza habari za Ijumaa, wewe unamletea maiti ya 1941.

Jicho la Tatu
Ngojeni kwanza. Rudini juu msome. "Nikikaa naumia." Sasa jipu liko puani. Tangu lini watu wakakalia pua? ID yenyewe mpya, uzi wa kwanza, na kila ukurasa anaongeza kionjo: usaili, vidonge, mwenzake wa kifua. Wakuu, hii ni chai, na mmeshaimaliza birika.

Fundi Saa
Duh, kweli bwana! Basi nirudishiwe dawa yangu ya meno.

Mpita Njia
Naondoa kiti.

Mlinzi wa Mila
Nilisema tangu mwanzo. Wasimamizi wafunge uzi, na huyu apewe adhabu.

Mti Mkavu
Sijatunga kitu! Yako mawili. La kwanza liko kalioni, ndilo lililotangulia. Nililikamua, likapungua, sasa limerudi. La puani limefuata. Sikuyataja yote mawili kwa sababu la kalioni watu wa usaili hawatalikagua. Jicho la Tatu, nikutumie picha?

Kobe Mwendapole
Ya puani tu mkuu, tafadhali.

Nesi Zamu ya Usiku
Kumbe mawili. Hapo ndipo palipokuwa pamejificha. Inawezekana vidole vilivyokamua la kwanza ndivyo vilivyokwenda puani, au bakteria wamo humo puani siku zote. Ila majipu yanapofuatana hivi nataka ujibu lile swali la tatu, uliloliruka.

Mti Mkavu
Sukari sijawahi kupima. Baba anayo lakini mimi bado kijana na si mnene. Kiu ninayo, ni joto la siku hizi. Usiku naamka sana kwenda haja ndogo kwa kuwa nakunywa maji mengi, hilo ni jambo la kawaida.

Jicho la Tatu
Sehemu ya tatu ya tamthilia: kiu. Mtunzi yuko vizuri, tumpe haki yake.

Shangazi Mkali
Jicho, wewe subiri tamthilia yako. Mwanangu, kiu hiyo na kuamka huko ni vya kupimwa. Tone la damu kidoleni, jibu unalipata palepale. Sukari ikiwa juu hata hilo la kalioni litapona na kurudi mpaka utie akili.

Nesi Zamu ya Usiku
Jipu la paja, la mgongo au la kalio unaweza kulikanda nyumbani. Lakini likizidi sentimita 5 kwa upana, likipita wiki 2 bila kupona, likiwa na midomo mingi kwa pamoja, ukipata homa, au maumivu yakizidi badala ya kupungua, nenda ukaonwe. Wengi husubiri waone wekundu unaotambaa. Kwenye ngozi nyeusi unaweza usiuone, kwa hiyo pitisha mkono usikie joto na ugumu vinaenea hadi wapi. Mwenye kisukari au kinga dhaifu asingoje lolote kati ya hayo.
La usoni kama lako lionwe hata bila dalili hizo. Na jicho likivimba, kichwa kikiuma sana, ukiona vitu viwiliviwili au homa ikipanda, hiyo ni dharura ya saa hiyohiyo. Lipo lolote kati ya hayo?

Mti Mkavu
Homa hapana. Chini ya jicho upande huo pamejaa kidogo, labda nimelalia vibaya. Lakini mnielewe, usaili hauhamishiki.

Nesi Zamu ya Usiku
Toka nyumbani sasa hivi. Usisubiri kuche. Chukua na hivyo vidonge na pakiti yake, uwaonyeshe ulichokuwa unameza.

Kobe Mwendapole
Utani kando mkuu. Wapigie wakusogezee siku, watu wanaomba kila leo na wanapewa. Wasipokubali, bora uende Ijumaa na bandeji usoni kuliko kutokwenda kabisa.

Mti Mkavu
Sawa, nimewasikia. Ngoja nilikande kwanza hili nione kama patapungua.

Shangazi Mkali
Unakanda nini tena? Vaa viatu!

Ua la Jangwani
Samahani kwa kuingilia. Mimi yangu hutoka kwapani, yanapona yanarudi palepale na kuacha makovu na vijishimo. Ni miaka sasa, nimekanda mpaka nimechoka. Na haya ni majipu?

Nesi Zamu ya Usiku
Yanayorudi kwapani au kinenani palepale na kuacha makovu ya namna hiyo, huenda ni ugonjwa sugu wa ngozi uitwao hidradenitisi. Hauambukizwi na hautokani na uchafu, na una matibabu yake, kwa hiyo mtafute daktari wa ngozi. Fungua uzi wako nitakuja huko. Mti Mkavu, umeshatoka?

Jicho la Tatu
Kimya. Niliwaambia.

Mpita Njia
Si kimya. Yupo kule kwenye uzi wa maswali ya usaili, ametoka kujibu sasa hivi.