Sijakopa, sijamdhamini mtu: namba yangu mmeitoa wapi?

Wakuu habari za jioni. Naandika nikiwa na hasira na sina mpango wa kuificha, hivyo atakayeona nimepandisha sauti anivumilie.

Mimi ni mwalimu wa darasa, shule ya msingi, mkoa naomba niuache. Kazi hii huwezi kuifanya ukiwa umeficha namba ya simu. Mtoto akipata homa saa nne asubuhi lazima nimpigie mzazi, na mzazi akiona jua linazama mtoto hajarudi ananipigia mimi. Kwa hiyo namba yangu ipo kwenye simu za akina mama, akina baba, mabibi, mashangazi, hadi madereva bodaboda wanaowaleta watoto. Hilo sijawahi kulilalamikia na sitalilalamikia. Nimewapa namba ili tuwalee watoto.

Sasa kuna watu wameigeuza namba hiyo kuwa fimbo ya kudaia madeni. Nawasema hawa wa mikopo ya mtandaoni, hizi programu za "pata mkopo ndani ya dakika tano bila dhamana". Meseji ya kwanza niliyoletewa ilisomeka hivi, jina la mtoto tu ndilo nimelibadilisha:

"Habari TICHA WA JUNIOR. Mwambie mteja wetu alipe deni lake LEO kabla ya saa 6 mchana. Amekuweka wewe kuwa mdhamini wake. Asipolipa hatua zitachukuliwa kwenu wote wawili."

Hebu rudini hapo kwenye salamu. Aliyeandika hajui naitwa nani. Hajui kama mimi ni mwanamume au mwanamke. Anachojua ni hayo maneno matatu, na mahali pekee yalipoandikwa maneno hayo ni ndani ya simu ya mama yake Junior, huyo mteja wao, siku alipoisevu namba yangu. Maana yake simu yake ilikombwa majina yote kama yalivyo: TICHA WA JUNIOR, MAMA MWENYE NYUMBA, DOKTA KLINIKI, BABA MKWE, FUNDI MAJI. Ukiyasoma majina kwenye simu ya mtu umeshajua anaishi vipi, anamheshimu nani, anatibiwa wapi na anamuogopa nani. Hao jamaa wanalijua hilo vizuri, ndiyo sababu wakianza kudai hawaanzi na fundi maji. Wanaanza na baba mkwe.

Siku ya kikao cha wazazi nilimvuta mama huyo pembeni nikamwonyesha meseji. Alishika mdomo. Akaniambia, "Mwalimu, naapa sikuandika jina lako." Namwamini, kwa sababu alinieleza hatua kwa hatua. Fomu ilimtaka watu wawili wa karibu, akamweka dada yake na jirani yake. Kabla ya hapo programu ilimuuliza iruhusiwe kusoma majina ya kwenye simu, akibonyeza kataa inamrudisha mwanzo, haendi popote. Akabonyeza ruhusu. Hapo hapo majina yote yakaondoka kwenda kwao, na ndiyo sababu hata alipoifuta ile programu baadaye meseji hazikukatika. Kufuta programu kwenye simu yako hakufuti kilichokwisha kuchukuliwa. Hili watu wengi mtaani hawalijui, wanafuta na kudhani wamepona.

Na mkopo wenyewe? Aliomba 100,000. Kwenye simu ikaingia 68,000, nyingine wamekata wanaita ada ya huduma. Siku ya saba anatakiwa arudishe 100,000 kamili. Yaani kwa wiki moja analipa nyongeza ya karibu nusu ya kile alichopokea. Alikuwa anatafuta hela ya kuongezea mtaji wa mboga. Siku ya nane, saa mbili kasoro asubuhi, simu zikaanza.

Ningeishia hapa kama wangeishia kwenye meseji. Wiki iliyofuata nikajikuta nimeingizwa kwenye kundi la WhatsApp ambalo sikuomba kuingia. Jina la kundi: MCHANGO WA DENI LA, likifuatiwa na jina kamili la yule mama. Picha ya kundi ni yeye mwenyewe, ile picha aliyojipiga wakati wa kujisajili, kashika kitambulisho chake cha taifa kifuani, namba ya NIDA inasomeka yote. Nikafungua kuona wamo akina nani. Wamo wazazi wenzake wa darasani kwangu. Yumo mzee wa kanisa. Wamo watu wenye jina la ukoo moja na lake, bila shaka ndugu. Chini yake ujumbe kwamba huyu mama ni mwizi, anaishi kwa utapeli, na mwenye kumwona atoe taarifa. Kukatupiwa na sauti ya mtu akitukana matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Mimi nilitoka dakika ile ile. Lakini wazazi wengine walishaona, na watoto hushika simu za wazazi wao. Jumatatu Junior alikuwa anaitwa "mtoto wa mwizi" kwenye foleni ya uji. Mtoto wa darasa la tano. Kabadilika, hanyooshi tena mkono darasani, mapumziko anakaa na madogo wa darasa la pili. Hakukopa yeye. Mimi nafundisha, nimewaona watoto wengi wakivunjika moyo kwa njaa, kwa msiba, kwa wazazi kuachana. Huyu kavunjwa moyo na mtu aliyekaa kwenye kiti mahali fulani na kompyuta, anayelipwa kwa kazi hiyo.

Najua kuna watakaokuja hapa na "dawa ya deni ni kulipa". Ni kweli, na yule mama amelipa, kwa kukopa kwingine, na kilichompata huko ni habari nyingine. Hakuna aliyesema deni lisidaiwe. Mdai mdaiwa wako. Mpigie yeye, mwandikie yeye, mpeleke mahakamani kama una mkataba unaosimama mbele ya hakimu. Mimi sina mkataba na wewe. Sijawahi kuona sura yako. Hata kama yule mama angebonyeza ruhusu mara mia, ruhusa hiyo ni ya vitu vyake yeye. Namba yangu si mali yake ya kumgawia mtu, na wewe uliyeichukua unajua hivyo.

Na si kwamba nchi haina sheria. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023. Tume yake ilizinduliwa na Rais Aprili 2024. Msingi wa sheria ile hauhitaji mwanasheria kuuelewa: taarifa za mtu zichukuliwe kwa mtu mwenyewe, ajue zinachukuliwa kwa ajili gani, na zisitumike kwa jambo jingine. Juu yake ipo Katiba, ibara ya 16, inayosema kila mtu anastahili heshima na hifadhi kwa nafsi yake, maisha yake binafsi na mawasiliano yake binafsi. Mimi nimechukuliwa taarifa bila kuulizwa, na zimetumika kunitishia. Ni kipengele gani hapo hakijavunjwa?

Benki Kuu nayo iliamka. Novemba 2024 ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 yanayokopesha bila leseni, ikawatahadharisha wananchi. Nilifurahi sana siku ile, niliituma orodha kwenye makundi yote niliyomo. Lakini tazama kilichofuata. Jina linakufa Jumatano, Ijumaa limezaliwa jina jipya, meseji ni zile zile neno kwa neno, hata kosa la tahajia liko pale pale. Google wenyewe, kuanzia mwisho wa Mei 2023, walizikataza programu za mikopo binafsi zilizo kwenye duka lao kusoma majina na picha kwenye simu ya mkopaji. Dawa waliyoipata wakopeshaji hawa ni kukutumia linki, upakue faili moja kwa moja bila kupita dukani. Yule mama aliipata yake kwenye tangazo la Facebook, akabonyeza, ikashuka.

Wenzetu Kenya walipitia moto huu kabla yetu, na wao wameshaanza kutoza faini. Kanuni za Benki Kuu yao za mwaka 2022 kwa wakopeshaji wa kidijitali zinakataza waziwazi kuchukua orodha ya majina kwenye simu ya mteja ili kuwaandikia watu pale anapochelewa kulipa. Septemba 2023 Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data ikaitoza kampuni ya Mulla Pride, wenye KeCredit na Faircash, shilingi 2,975,000 za Kenya, kwa kutumia majina na namba walizopata kwa watu wengine kutuma vitisho. Waliolalamika walikuwa watu wa kawaida kama mimi na wewe.

Hapa kwetu sijaona mtu akitozwa hadharani kwa namna ile, na ndiyo inayonichoma. Tunaambiwa tutume namba za matapeli kwenda 15040. Nimetuma. Wanabadilisha laini kama soksi, leo wanapiga kwa namba hii, kesho kwa nyingine. Kukimbizana na namba wanazopigia ni kazi isiyo na mwisho.

Lakini ipo namba ambayo hawaibadilishi ovyo, na hapa naomba wahusika wanisikilize. Ni ile ya kupokelea marejesho. Fikirieni. Mkopo unatoka kwa mtandao wa simu, marejesho yanarudi kwa mtandao wa simu, kwa namba ya biashara. Namba ya namna hiyo hupewi ukiwa umevaa kofia na miwani ya jua. Kuna mtu alipeleka nyaraka, kuna jina la kampuni, kuna TIN, kuna akaunti ya benki ambako hela inaishia. Kama mkopeshaji hana leseni ya Benki Kuu, kwa nini mtandao wa simu unaendelea kumkusanyia hela? Nani kakagua? Ukimfungia jina, anabuni jingine usiku huo huo. Ukimfungia njia ya hela, kesho asubuhi hana biashara. Hilo haliwezi kufanywa na mwalimu wa shule ya msingi wala na muuza mboga. Linaweza kufanywa na Benki Kuu, TCRA (mamlaka ya mawasiliano) na makampuni ya simu wakikaa meza moja.

Na enyi mnaokaa kwenye hizo simu mnapiga na kutukana watu, nyie ni Watanzania, lafudhi zenu tunazisikia. Najua ajira ni ngumu. Lakini ulipoandika "mwizi" juu ya picha ya yule mama ulijua ana watoto, maana majina ya simu yake yote ulikuwa nayo mbele yako na uliona TICHA WA JUNIOR.

Naandaa malalamiko yangu kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, yangu mimi, sio ya yule mama. Yeye ataamua la kwake. Nina picha za meseji zote zikiwa na tarehe na saa, nina jina la kundi na namba iliyolifungua, nina namba ya biashara aliyolipia. Kama kuna mdau hapa ameshapeleka malalamiko ya aina hii akiwa sio mkopaji, naomba anieleze walimtaka nyaraka zipi na walichukua muda gani kumjibu. Na wewe uliyeletewa meseji ya deni la mtu usimlaumu kwanza huyo mtu na usiifute. Piga picha ya skrini ikiwa na namba yao, na muulize kwa upole alilipia namba gani. Iweke hapa chini hiyo namba ya malipo na jina la programu tu. Jina la mkopaji lifiche.