Tupeane uzoefu: mwenye unene uliopitiliza akaze kiasi gani ndipo mafuta yaungue?

Mleta uzi: Wakuu mnaosimamia mazoezi ya watu wenye BMI (uzito kwa kilo ukigawanywa kwa urefu kwa mita uliozidishwa kwa wenyewe) ya 30 kwenda juu: kasi gani, dakika ngapi, wanakwama wapi? Tuwekeeni namba, porojo tumezichoka.

Kocha wa gym: Kwa asiyezoea tizi, mafuta huungua kwa wingi zaidi kwenye kasi ya chini, takribani 40–50% ya uwezo wake wa juu wa kutumia oksijeni. Mkimbiaji mzoefu hufika 60% na ushee. Kipimo cha bure ni mdomo: aseme sentensi nzima bila shida, ila kuimba kumshinde. Mtu wa kilo 110 hufika hapo kwa kutembea haraka tu. Kimlima kidogo kinamvusha. Akishahema kila baada ya maneno mawili, sehemu kubwa ya nishati inatoka kwenye wanga.

Mtu wa fiziolojia: Sababu ni kwamba kasi ikipanda, misuli hukimbilia glaikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa mwilini. Karnitini, inayoyaingiza mafuta kwenye mitokondria (vijitanuri vya nishati ndani ya seli), inapungua, na damu inayopita kwenye hifadhi za mafuta inapungua pia. Mafuta yapo tele, mlango ndio mwembamba. Soda au chai ya sukari nusu saa kabla huubana zaidi, maana insulini, homoni inayopanda ukinywa sukari, huzuia mafuta kutoka.

Kocha wa gym: Sawa, ila msiiabudu asilimia. Tuseme matembezi yametumia kalori 200, nusu yake mafuta: hiyo ni gramu 11. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700! Kasi ya chini ninaipenda kwa sababu magoti yanaivumilia dakika 45, siku tano kwa wiki. Wanaoanza na mchakamchaka wengi hupotea wiki ya pili. Na lile jaketi la nailoni ambalo watu huvaa ili watoke jasho jingi linatoa maji, siyo mafuta, ukinywa yanarudi.

Nesi wa kliniki ya kisukari: Hilo la kukataa sukari lisimhusu anayechoma insulini au anayemeza glibenclamide, kidonge cha kushusha sukari. Apime sukari ya damu kwanza, ikiwa chini ya 5 mmol/L, apate gramu 15 za wanga, mfano vijiko vitatu vya chai vya sukari, na nyingine aiweke mfukoni. Anayetumia atenolol, dawa ya presha, asifuate saa ya mapigo ya moyo, kwani dawa hiyo huyashusha. Huyo mpimeni kwa maongezi.

Mleta uzi: Na mwenye goti bovu kabisa?

Kocha wa gym: Baiskeli ya kukalia, kiti juu, ukinzani mdogo. Dakika kumi kumi, mara tatu kwa siku.