Wahandisi wawili, ukuta mmoja, majibu mawili: mahakama imwamini nani?

Kiungio: Wakuu, nimetoka kusikiliza kesi ya ukuta wa kuzuia udongo ulioanguka. Mhandisi wa mdai kaapa kwamba nondo zilikuwa pungufu. Wa mdaiwa naye kaapa kwamba nondo zilitosha, ila maji yalijaa nyuma ya ukuta kwa kukosa pa kutokea. Kila mmoja kalipwa na aliyemleta. Jaji amesomea sheria, hajasomea msukumo wa udongo, sasa apime kwa lipi? Mimi nasema mahakama iteue mtaalamu mmoja, na pande zote mbili zichangie malipo yake.

Nondo_16: Napinga. Huyo mmoja akikosea nani atamshtukia? Hoteli ya Hyatt Regency kule Kansas City, 1981, vivuko vya ndani (madaraja ya watu kupita, yaliyoning'inizwa kwa fimbo za chuma) viliporomoka, watu 114 wakafa. Mchoro wa kwanza ulikuwa na fimbo moja ya chuma inayopita kivuko cha juu na cha chini. Wakabadilisha zikawa mbili, kiungio cha juu kikabeba mzigo maradufu. Mabadiliko hayo yaliibuliwa na mhandisi aliyelipwa na gazeti! Kwa hiyo ubaya hauko kwenye kulipwa, uko kwenye kugeuka kasuku wa wakili. Afadhali hata fundi aliyemimina zege miaka 20 kuliko hawa wenye mihuri wasiojua uzito wa koleo.

Mama_Mihimili: Kasuku nani? Nimesimama kizimbani mara sita. Mara moja nilimwambia wakili aliyeniita kwamba boriti mbovu ni ya mteja wake mwenyewe, na hajanipigia simu mpaka leo. Na koleo nimelishika, kaka. Usitutukane kwa jumla.

Nondo_16: Sijakutaja, dada. Umejitaja.

Mchapa_Zege: Nondo umenena. Mimi ni fundi. Nilimwambia injinia kokoto zina vumbi tupu, zioshwe kwanza. Akanijibu nifuate mchoro. Nyufa zilipotokea, mahakamani kaitwa yeye kueleza chanzo. Mimi niliyezishika hizo kokoto sijaulizwa hata jina.

Hati_Miliki: Fundi anaeleza alichokiona, basi. Maoni ni ya mtaalamu, na mtaalamu ni msomi. Ndivyo ilivyo tangu ile kesi ya bandari Uingereza, karne ya 19, walipomkubali profesa atoe maoni.

Kiungio: Australia huwa wanawakalisha wataalamu wa pande zote pamoja mbele ya jaji, wanajibu swali lilelile papo hapo na kuulizana wao kwa wao. Naona hilo lingetufaa.

Bahari_Kuu: Hati, hapo umeteleza mara mbili. Kesi ni ya bandari ya Wells, Norfolk, na Lord Mansfield aliiamua 1782, karne ya 18. Ubishi ulikuwa kama tuta lililojengwa kuzuia bahari ndilo lililofanya bandari ijae mchanga. Shahidi alikuwa John Smeaton, aliyejenga mnara wa taa wa Eddystone. Upande wa pili ulipinga kwamba anatoa maoni badala ya mambo aliyoyaona. Mansfield akamkubali. Na Smeaton hakuwa profesa wala hakuwa na digrii. Alianzia kwenye kutengeneza vyombo vya kupimia.

Mchapa_Zege: Fundi mwenzangu huyo!

Mama_Mihimili: Msishangilie mapema. Someni na kesi ya Kumho Tire, Mahakama ya Juu ya Marekani, 1999. Tairi lilipasuka, mtu akafa. Mtaalamu wa matairi akasema kuna dalili nne za tairi kutumika vibaya, na zisipoonekana angalau mbili basi kosa ni la kiwandani. Hitimisho lake la kwanza alilitoa kwa kutazama picha. Tairi lenyewe alikuja kulikagua kwa saa chache tu, asubuhi ya siku aliyohojiwa kwa kiapo mara ya kwanza. Na tairi lilikuwa kipara sehemu nyingine! Sifa zake hakuna aliyezitilia shaka. Waliitilia shaka njia yake, na ushahidi wake ukakataliwa. Kwa hiyo hata hiyo miaka yako 20, fundi, utaulizwa: umejuaje?

Hati_Miliki: Karne nimekosea, nakubali. Lakini mtu asiyeweza kukokotoa asimpotoshe jaji. Nyumba za watu ziko hatarini.

Mchapa_Zege: Nani kasema sikokotoi? Kila siku ya kumimina naandika: mifuko ya saruji, ndoo za maji, mvua imenyesha au la, nani alikuwepo. Hata siku ya zile kokoto nimeandika nilichoambiwa na saa niliyoambiwa.

Mama_Mihimili: Subiri. Una daftari la siku ile?

Mchapa_Zege: Ninalo.

Mama_Mihimili: Na kesi haijaisha?

Mchapa_Zege: Inatajwa tena mwezi ujao.

Mama_Mihimili: Basi mtafute wakili wa mwenye nyumba kesho asubuhi, usingoje kuitwa. Ningepewa mimi kazi hiyo, ningeanza na daftari lako kabla ya kugusa ufa wowote. Zege likishakauka, maji yaliyotiwa siku ile tunayatafuta kwa kukisia. Wewe uliyahesabu.

Nondo_16: Usilitume kwa picha, mkuu. Peleka lenyewe.

Mchapa_Zege: Kurasa mbili zililowa, ila zinasomeka.