Prosesa inaliwa na picha: nibaki na nouveau, niweke draiva ya 390, au niizime NVIDIA kabisa?

mwanagenzi_tz

Wakuu habari za jioni. Nina ThinkPad T430 ya mtumba, i5 ya kizazi cha tatu, RAM GB 8. Ina kadi mbili za picha: Intel HD 4000 na NVIDIA NVS 5400M. Fundi fulani ndiye aliyeniwekea Linux Mint 21 yenye eneo-kazi la Cinnamon. Nikikokota dirisha tu, htop (kipima matumizi ya prosesa) inaonyesha cinnamon imepanda hadi asilimia 200 na ushee, feni inalia, YouTube inakwamakwama. Kila ninapouliza naambiwa "draiva hiyo".

Njia nilizonazo ni tatu: kubaki na nouveau, draiva huria iliyokuja na mfumo, kuweka draiva ya NVIDIA wenyewe tawi la 390, au kuingia BIOS niizime NVIDIA nitumie Intel peke yake. Mngechagua ipi? Gemu sichezi. Ni brauza, LibreOffice na video basi.

jirani_wa_root

Mkuu weka draiva ya NVIDIA, usijisumbue. Mimi natumia GTX 1050 na kwa nouveau ilikuwa inatambaa. Kadi za Pascal zinadai fimwea yenye saini ya kampuni ndipo zikubali kupandishwa kasi, na nouveau haina namna ya kuzipandisha. Zinabaki kwenye kasi ile ile ya kuwashia. Nilipoweka draiva yao, mambo yakanyooka.

mzee_terminali

Jirani, yako ni Pascal, ya huyu kijana ni Fermi. Hizo ni zama mbili tofauti kabisa. Tawi la 390 ndilo la mwisho kuikubali Fermi, na NVIDIA waliacha kulitunza mwishoni mwa 2022. Akiliweka leo, siku kerneli mpya (kiini cha mfumo) ikija, DKMS, chombo kinachoijenga upya draiva kwa kila kerneli, inaweza kugoma kuijenga moduli, aamke na skrini nyeusi.

Mwanagenzi, kabla hujachagua chochote tujue kwanza nani anachora hapo. Weka kifurushi cha mesa-utils, kisha tuletee majibu ya amri hizi:

`glxinfo -B | grep -i renderer`
`lspci -k | grep -EA3 'VGA|3D'`
`cat /proc/cmdline`

mwanagenzi_tz

Shikamoo mzee. Ya kwanza imetoa `llvmpipe (LLVM 15.0.7, 256 bits)`. Ya pili inaorodhesha kadi zote mbili, ila ule mstari wa "Kernel driver in use" sijauona kwenye yoyote. Ya tatu inaishia na `quiet splash nomodeset`.

mzee_terminali

Marahaba. Basi mjadala wa nouveau na 390 tuuweke kando kwanza, maana hakuna draiva hata moja inayofanya kazi humo. llvmpipe ni mchoraji wa Mesa (maktaba huria ya michoro) anayetumia prosesa tupu. Kivuli cha dirisha, menyu kufunguka, yote yanapigiwa hesabu na i5 yako, na uzi wowote ulio huru anaukamata. Ndiyo maana unaona 200 na ushee.

Chanzo ni hilo neno `nomodeset`. Linaizuia kerneli isiipe draiva ya picha usukani wa skrini, kwa hiyo i915, draiva ya Intel, imekaa nje, na nouveau vilevile. Mafundi hulitumia USB ya kusakinisha inapogoma kuonyesha picha. Kulitumia si kosa, ila likishamaliza kazi huondolewa. Nakisia hata vitufe vya kuongeza mwanga wa skrini havifanyi kazi, sivyo?

Usihariri faili bado. Washa upya, kwenye menyu ya GRUB (kiwashio cha mfumo) bonyeza `e`, futa `nomodeset` kwenye mstari wa linux, kisha F10. Hiyo ni ya mara moja tu. Ikikataa kuwaka, unazima na kuwasha, unarudi ulipokuwa. Ikikubali, lifute kwenye `/etc/default/grub` na upige `sudo update-grub`.

mwanagenzi_tz

Imewaka! Sasa inasema `Mesa Intel(R) HD Graphics 4000 (IVB GT2)`. Nikikokota dirisha cinnamon haifiki hata asilimia 20. Na ni kweli mzee, mwanga ulikuwa umeganda, sasa unapanda na kushuka. YouTube ndiyo bado inachemsha. Na lile swali la NVIDIA je?

bi_kerneli

Hapo ndipo ulinganisho una maana. Kwa kazi ulizotaja mimi 390 naitupa nje moja kwa moja, hata tukisahau habari ya kutotunzwa. Uwezo wa kuipa NVIDIA programu moja moja, huku Intel ikibeba zilizobaki, ulianza kwenye matawi ya 435. Kwa 390 ni moja kati ya mawili: kila kitu kichorwe na NVIDIA kisha kinakiliwe kwenda Intel ili kionekane, au uihamishe kwa `prime-select` na kutoka kwenye akaunti. Joto lote hilo la nini, ndugu yangu, kwa ajili ya LibreOffice?

Mimi ningeizima: BIOS, Config, Display, chagua "Integrated Graphics".

jirani_wa_root

Dada, ya BIOS naona umezidisha. nouveau huilaza kadi yenyewe isipotumika. Mwanagenzi, piga `sudo cat /sys/kernel/debug/vgaswitcheroo/switch`. Mstari wa DIS (ndiyo NVIDIA) ukisoma `DynOff`, kadi imelala, haili umeme.

bi_kerneli

Ikilala, sawa. Ikisoma `DynPwr` muda wote, kuna kinachoiamsha, na hapo BIOS inamaliza ubishi.

Kuhusu YouTube: video hubanwa kwa miundo kama H.264 na VP9. HD 4000 inafungua H.264 kwenye chipu, lakini VP9 haiijui, na VP9 ndiyo YouTube wanayopenda kukutumia. Ikija hiyo, prosesa inarudi kazini. Weka `i965-va-driver` na `vainfo`, halafu piga `vainfo` uhakikishe unaona `VAProfileH264High` yenye `VAEntrypointVLD` pembeni. Kisha kwenye Firefox ongeza kiongezi cha h264ify kinachoilazimisha YouTube ilete H.264. Utapata hadi 1080p, na skrini ya T430 wala haifiki huko. Firefox iwe toleo la 115 kwenda juu. Kuanzia hapo, kwa Intel kwenye Linux, video hufunguliwa kwenye kadi bila wewe kugusa mipangilio.

mwanagenzi_tz

DIS inasoma `DynOff`, kwa hiyo BIOS nimeiacha kama ilivyo. Video ya 720p sasa inakwenda laini, feni haisikiki.

kijiwe_cha_kode

Naomba nidandie. Yangu ni Intel tupu, renderer iko sawa, ila kuna `kworker` (uzi wa ndani wa kerneli) inakula asilimia 30 hata nisipogusa kitu.

mzee_terminali

Hiyo ni habari nyingine. Piga `sudo perf top` uone kazi gani inakula prosesa. Likitokea juu jina la `output_poll_execute`, kerneli inachungulia soketi za skrini tena na tena. Jaribu `echo N | sudo tee /sys/module/drm_kms_helper/parameters/poll`. Ikitulia, iweke moja kwa moja kwenye GRUB kama `drm_kms_helper.poll=N`. Gharama yake ni kwamba projekta ya VGA ukiichomeka huenda isijitokeze yenyewe, utapiga `xrandr` kwa mkono. Kama jina ni jingine, fungua uzi wako, tusimchafulie kijana wa watu.