Kazi ya siku ya kwanza darasa la usanifu: daftari, tableti au simu?

MistariMinne:
Wakuu, habari zenu. Naanza mwaka wa kwanza wa usanifu. Maelekezo ya kujiunga yanasema siku ya kwanza ya masomo kila mwanafunzi arekodi vitu vyote anavyovitumia tangu kuamka hadi kulala: anachokula, anachonunua, anachotupa. Kesho yake anawasilisha darasani. Hela niliyonayo inatosha kitu kimoja tu. Nichukue daftari zuri la kuchorea au tableti yenye kalamu? Au simu niliyonayo inatosha? Nataka kulipia kesho.

Kalamu2B:
Usanifu upi, mkuu? Grafiki, mitindo, bidhaa? Kompyuta unayo? Na hiyo tableti ni yenye kioo chake, au ni ile bapa inayochomekwa kwenye kompyuta? Usipojibu haya kila mtu atakupigia debe anachokipenda mwenyewe.

Mimi nasema daftari la A5. Milimita 148 kwa 210, unalishika kwa mkono mmoja ukiwa umesimama kwenye foleni. A3 inadai meza. Ila tazama uzito wa karatasi: ya fotokopi huwa gramu 80 kwa mita ya mraba, na makapeni hupenya hadi ukurasa wa nyuma. Anzia gramu 120.

DadaWaBidhaa:
Tableti mwogope muuzaji kwanza. Nilipoanza chuo niliuziwa ile bapa, nikahakikishiwa kwamba inakubali simu yoyote. Nimefika darasani, simu haiitambui kabisa. Nikaazima kompyuta ya jirani, ikadai programu ya kuiendeshea, na mtandao ulikuwa hautoshi kuipakua. Kalamu yake nayo ilitaka kuchajiwa, na soketi zilikuwa za kugombania. Wenzangu wamejaza kurasa, mimi bado nahangaika na waya. Niliporudi dukani nikaambiwa bidhaa ikishafunguliwa hairudishwi, na yule aliyeniuzia akakana kwamba aliwahi kutamka neno simu. Kwenye boksi wameandika viwango 8192 vya mgandamizo wa kalamu. Vinamsaidia nini mtu anayetaka kuchora sahani na kijiko? Iliniuma sana, na sitaki mdogo wangu huyu ayapitie.

Grafiki_Mkongwe:
Pole dada, lakini usimtishe kijana. Zipo kalamu zisizo na betri kabisa, zinapata nguvu kutoka kwenye tableti yenyewe. Programu za kuchorea kama Krita na Inkscape ni za bure. Daftari litaisha, tableti atamaliza nayo chuo.

MistariMinne:
Usanifu wa bidhaa. Kompyuta sina.

DadaWaBidhaa:
Basi ile bapa ifute kwenye orodha.

UziNaPasi:
Asinunue chochote. Simu inapiga picha na kutunza saa yenyewe, kwa hiyo usiku anajua kifungua kinywa kilikuwa saa ngapi bila kukumbuka. Hela aiweke kwa ajili ya vifaa vya karakana, maana siku za kwanza ndipo mnatajiwa visu, mikeka ya kukatia na gundi.

Kalamu2B:
Picha unaipiga na kupita. Ukichora kifuniko cha chupa unalazimika kuona zile nyuzi zinazunguka mara ngapi, na ile pete inayobaki shingoni ukishafungua imeshikwa na nini. Mwanafunzi wa bidhaa anatakiwa kuona hayo, orodha peke yake haimfundishi.

ChekeTaka:
Wote mmesahau umeme. Betri ya simu ya mAh 4000 inabeba kama saa-wati 15. Kompyuta mpakato inayovuta wati 60 kwa saa 4 inakula saa-wati 240, sawa na kujaza simu mara 16. Hivyo navyo ni vitu alivyotumia, na hakuna picha wala mchoro utakaovionyesha. Na maji ya choo je?

Grafiki_Mkongwe:
Maelekezo yametaja anachokula, anachonunua na anachotupa. Umeme unaingiaje?

ChekeTaka:
Umeme unalipiwa, mkuu. Kinacholipiwa kimenunuliwa. Hata bando limo.

DadaWaBidhaa:
Hapo nipo na ChekeTaka. MistariMinne, uwe unageuza kila kifungashio chini usome namba iliyo ndani ya pembetatu, inataja aina ya plastiki: 1 ni PET, 2 ni HDPE, 5 ni PP. Chupa ya maji huwa PET na kifuniko chake huwa PP au HDPE, yaani kitu kimoja plastiki mbili. Ukivikatakata na kuvitia majini, PET inazama na kifuniko kinaelea, na wenye viwanda vya kurejeleza huvitenganisha kwa njia hiyo hiyo. Kikombe cha karatasi nacho mara nyingi kina utando wa plastiki ndani, ndiyo maana kinasumbua kurejelezwa. Ukiyasema hayo darasani, hakuna atakayeuliza ulichorea nini.

UziNaPasi:
Aende na takataka zenyewe basi, azipange mezani.

ChekeTaka:
Azioshe na kuzikausha kwanza.

MistariMinne:
Lebo iliyogandishwa kwenye chupa nayo naihesabu peke yake? Na risiti?

Kalamu2B:
Lebo ndiyo, ni kitu kingine kabisa. Risiti itunze mbali na joto, zile za mashine hufutika.

Grafiki_Mkongwe:
Kijana, mpaka sasa hujasema una kiasi gani mfukoni.